Damu ya Radhia Isichukuliwe Leo

Mgeni rasmi,

Sauti ulizozisikia nyuma ya jengo wakati gari lako linasimama zilikuwa zetu. Hazikuwa vigelegele. Tulikuwa tunagombana, na kwa kuwa ulisikia, hatuna haja ya kujifanya tulikuwa kwenye mazoezi ya wimbo.

"Kaa kwenye kiti, Radhia! Mgeni huyo anashuka!" Aliyesema hivyo ni mzee Laurenti, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, huyo hapo kulia kwako aliyeshika koti mkononi.

"Sikai."

"Jina lako liko kwenye ratiba. Mgeni anakata utepe, wewe unatoa damu ya kupimwa, watu wanapiga makofi, tunakwenda kula. Ugumu uko wapi?"

"Damu yangu ya leo ina uongo, mzee. Mtaupigia makofi uongo."

"Damu ina uongo! Jamani, mmesikia? Haya, ipelekwe mahakamani ikaape!"

Wanaume waliokuwa wanakaza kamba za turubai wakacheka. Radhia hakucheka. Alikuwa amekunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, tayari kwa sindano.

"Mganga, mwambie huyu," mzee Laurenti akamgeukia Fabiano, mganga wa zahanati yetu.

Fabiano alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe. "Nikiamriwa kuichukua nitaichukua," akasema. "Lakini majibu yake sitayaamini."

Ugomvi huo ulivyoisha tutakueleza. Kwanza kaa, unywe maji, upoe.

KARIBU NJIA YA CHUMVI

Mgeni rasmi, karibu mtaani kwetu. Sisi ni Kikundi cha Mtandio. Wengi wetu tunatoka hapa na upande wa Mwankoko. Mwenzetu Aneth ni mkulima wa Iramba. Ametoka kwao jana, akadandia lori pale Shelui, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Unaona jua hili, na unaona kila mmoja wetu amejifunga mtandio shingoni. Si sare. Chini ya kila mtandio pana kovu.

Risala iliyokusudiwa usomewe ilipigwa chapa na kamati. Inasema mafanikio ni mengi na dawa zipo. Hii unayosomewa tuliiandika sisi wiki iliyopita, kamati ikaturudishia, ikasema inachafua shughuli. Leo tumeamua kuisoma hivyo hivyo, na mambo ya leo tumeyaongeza kwa kalamu. Radhia ameruhusu jina lake litajwe. Alisema, "Tajeni. Nimechoka kusemwa bila kutajwa."

TULIKOTOKA

Wazazi wetu walikula chumvi ya hapa hapa, ya kukwangua ukingoni mwa ziwa. Wataalamu walipokuja kutuhubiria chumvi yenye madini joto, wengi wetu shingo zilikuwa zimeshavimba. Baadhi yetu tulikwenda kufanyiwa upasuaji hospitali za nje ya mkoa, na waliokuwa na uvimbe mbaya waliondolewa tezi yote. Mtu asiye na tezi hiyo anaishi kwa kidonge. Kimoja kila asubuhi, mpaka siku ya kufa. Kidonge kinafanya kazi ambayo tezi ingefanya: kuupa mwili joto, kuamsha akili, kuupeleka moyo kwa mwendo wake. Habari za mshono tulielezwa vizuri. Habari za kidonge tulielezwa mlangoni, tukiwa tumeshabeba mabegi.

Radhia ni mmoja wa hao. Mumewe, Abdulhamidi, ni mfanyabiashara wa mitumba. Tangu serikali ilipofungua biashara huria, marobota yanashuka Shelui kwenye barabara kuu, na yeye anashinda huko, anauza kwa madereva na wasafiri. Mtoto wao mmoja, Rahimu, anasoma bweni. Radhia kabla ya kuumwa ndiye aliyekuwa anaongoza kasida kwenye maulidi ya akina mama. Akianza ubeti wa kwanza, hata waliokuwa jikoni wanaacha sufuria.

Baada ya upasuaji sauti ilirudi, kidogo kidogo. Kisha vidonge vikaadimika. Maduka ya dawa ya watu binafsi yamefunguliwa mjini, kila kona kuna rafu zinazometa, lakini ukiuliza kidonge hiki unaambiwa, "Mzigo haujaingia, mama. Pitia tena." Radhia akaanza kuvinyoosha. Leo anameza, kesho na keshokutwa anapumzika, kama mtu anayefinya utambi ili mafuta ya taa yafike mwisho wa mwezi. Hakumwambia mtu. Aliona ni siri ndogo tu ya nyumba.

Mwili haukuona hivyo. Alianza kuvaa sweta saa sita mchana. Ngozi ikawa kavu kama ya mtu aliyefanya kazi ya saruji, nywele zikabaki kwenye kitana. Maneno yakawa mazito mdomoni. Anaweka maharage jikoni, anakaa, anaamshwa na harufu.

"Wifi," aliambiwa na Mwantum, dada wa mumewe, anayekaa nyumba ya pili, "wewe unalala hata ukiwa umesimama. Punda wa maji anakushinda!"

"Nimechoka tu, wifi."

"Umechoka na nini? Una mtoto mmoja, naye yuko bweni!"

Mwantum yuko hapa nasi leo, na aya hii ameisoma mwenyewe kabla hatujaja, akalia, akasema iachwe.

Maulidi yaliyofuata, kasida iliongozwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemfukuza Radhia. Walisema apumzishe sauti. Baada ya hapo wakaacha kumpitia, kwanza kwenye mazoezi, halafu hata kwenye misiba. Asubuhi alikuwa anasikia kandambili zao zikipita nje ya dirisha lake, na vicheko, na alijua kila kandambili ni ya nani. Mumewe naye akawa anakaa Shelui muda mrefu zaidi. Siku moja alipokuwa anafunga begi alimwambia, bila ukali, "Nikirudi nakukuta umelala, nikiondoka nakuacha umelala. Niwepo nisiwepo, kwako kuna tofauti gani?" Radhia alitaka kumjibu. Kufikia neno kumjia, mlango ulikuwa umeshafungwa.

KOSA LETU

Mgeni rasmi, kwenye risala sehemu hii huwa ya mafanikio. Yanakuja. Kosa linatangulia kwa sababu mafanikio yote yametoka humo.

Siku ya kupima damu ikakaribia. Damu zetu zilikuwa zinachukuliwa hapa na kupelekwa kwa basi hospitali kubwa. Kwa bahati wiki hiyo Abdulhamidi alipata chupa mbili za vidonge kwa kondakta. Sasa Radhia amekulia nyumba ya wafanyabiashara. Kwao mgeni akitajwa, mazulia yanapigwa, mapazia yanabadilishwa, kikombe chenye ufa kinafichwa. Kipimo akakiona ni mgeni. Siku zile za mwisho akameza kila asubuhi, tena viwili viwili, ili damu ikutwe imefagiliwa.

"Nimejisafisha," alimwambia Mwantum. "Hawatanikuta na aibu."

Majibu yakarudi. Fabiano akayatazama, akayageuza, akayatazama tena. Kulikuwa na namba mbili. Ile ya TSH ilikuwa juu sana. Ile ya T4 ilikuwa nzuri kabisa.

"Hii inasema dawa haikutoshi. Hii inasema inatosha," akasema. "Unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Na kwa wiki ile ilikuwa kweli. Fabiano akaifuata ile namba ya juu, akampandishia dozi.

Kwa kuwa chupa zilikuwepo, Radhia safari hii alimeza bila kuruka. Wiki zilivyokwenda, usingizi ukamtoroka, mikono ikatetemeka, jasho likamtoka kwenye baridi ya Juni. Moyo ulikuwa unakwenda kama wa mtu anayekimbizwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba aliusikia, akawasha redio ili aufunike. Zamani walimwita mvivu. Sasa wakisikia redio asubuhi mpaka jioni, na kumwona anafua nguo zilizokwisha kufuliwa, wakasema ana pepo. Mlango ukabaki ule ule, usiogongwa.

Aliyeugonga mwishowe ni Fabiano, wakati wa chanjo ya polio ya nyumba kwa nyumba. Hakumfuata Radhia, maana nyumba haina mtoto mdogo. Aliomba maji ya kunywa. Radhia alipommiminia, nusu ya maji yaliingia kwenye kiatu chake. Fabiano akaweka chini boksi la chanjo, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu, uso ukabadilika.

"Mama Rahimu, kabla ya kile kipimo ulikuwa unamezaje? Si wiki ile. Kabla."

Radhia akatazama kizingiti. "Nilikuwa naruka. Nilipojua napimwa, nikajisafisha. Kama mnavyojisafisha mgeni akija."

Alipokuwa anatusimulia, tulidhani Fabiano angemgombeza. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Fabiano alicheka, lakini alijicheka mwenyewe. "Mkaguzi akija sisi tunapaka mawe chokaa," akasema. "Nimesoma majibu yako nisikuulize chokaa ilipakwa lini."

Damu ya pili, aliyochukua wiki ile ile, ilirudi kinyume: TSH imezama karibu na sifuri, T4 imepanda. Dozi ikashushwa ilipokuwa mwanzo. Alimwonya pia kwamba moyo wake hauwezi kubeba kosa kama hilo mara nyingine.

TULIYOYAPATA

Kutokana na hilo tukaundwa. Radhia na Aneth walikutana kwenye benchi la foleni, kila mmoja akaona mtandio wa mwenzake wakati watu wanajipepea. "Na wewe?" Aneth akauliza. "Na mimi." "Na wewe ulijisafisha kabla ya kupimwa?" Walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Radhia anasema hakuwa amecheka na mtu tangu kasida.

Kwa hiyo fanikio letu la kwanza ni kuyasoma majibu. Fabiano alitueleza kidaktari, sisi tukayaelewa kimama. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo. Kazi yake ni kuita, kama mama anavyoita watoto jioni waje kula. Wakifika, anashusha sauti. Wasipofika, anapaza. TSH ni sauti ya mama huyo. Ikiwa juu, maana yake dawa imekuwa haifiki ya kutosha. Wengi wetu tuliona namba kubwa tukadhani dawa imezidi, tukapunguza, tukazidi kuzama. Ikizama sana, mara nyingi ni kwamba dawa imepita kiasi, mama amenyamaza. T4 yenyewe ni watoto waliopo mezani sasa hivi. Radhia aliwakusanya wote siku za mwisho, meza ikajaa. Lakini mama alikuwa ameshapiga kelele wiki nyingi, na sauti iliyopanda hivyo haitulii kwa siku mbili tatu. Ndiyo maana dozi ikibadilishwa tunasubiri kama wiki sita ndipo tupime, na dozi habadilishi mtu kwa kichwa chake.

Tumejifunza pia kumeza kwa maji matupu kabla ya chai ya maziwa, na kukaa mbali kwa saa kadhaa na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, maana vinakizuia kidonge kisiingie mwilini. Asubuhi ya kipimo damu inatoka kwanza, kidonge baadaye. Na ukiulizwa umeruka mara ngapi, unasema ulivyoruka. Hilo ndilo lililotuchukua muda kuliko yote.

Fanikio la pili ni dogo, wewe unaweza kuliona halina maana. Kila alfajiri anayekaa jirani na mwenzake anamgongea dirisha. "Umemeza?" "Nimemeza." Basi, anapita. Mwantum ndiye anayemgongea Radhia. Aneth huko Iramba hana wa kumgongea. Anasema anajiuliza mwenyewe kwa sauti, anajijibu, halafu anakwenda shamba.

YANAYOTUKWAMISHA

Mgeni rasmi, sisi si watu wa kulialia. Kidonge kikiwepo tunalima, tunauza, tunalea. Kikikosekana hatufi siku hiyo. Tunapotea polepole, na mtu akipotea polepole hakuna anayepiga kelele. Anaitwa mvivu, anaitwa mwenye pepo, anaachwa alale.

Mwaka huu vidonge vimekatika tena. Radhia hakumeza kitu kwa zaidi ya mwezi, na safari hii alisema, kwa kila aliyemuuliza. Kamati ilipomchagua awe wa kwanza kutoa damu kwenye chumba hiki kipya cha vipimo, ikamtafutia chupa ya vidonge ili siku ya mgeni awe mchangamfu. Wameitafuta kwa nia njema. Ameanza kumeza siku chache zilizopita. Kwa hiyo kwenye damu yake ya leo meza imejaa, na mama bado anapiga kelele. Ni majibu yale yale yaliyompandishia dozi, moyo ukakaribia kumsimama. Angetolewa damu mbele yako, majibu yangekwenda mbele na jina lako, na nani angethubutu kuyatilia shaka?

Tena kuna kabati. Uliambiwa utaoneshwa kabati la dawa. Maboksi yaliyokuwa humo tangu jana yalikuwa ya Gasto, mwenye duka la dawa mjini. Yaliazimwa. Yalikuwa yarudi jioni, gari lako likishapita daraja. Chokaa ya ukutani ni ya wiki hii. Usiegemee, suti itachafuka.

TULICHOAMUA

Ugomvi uliishia hivi. Mzee Laurenti alimwita Radhia pembeni, sauti ameishusha. "Mwanangu, mgeni akikuta kabati tupu na kiti kitupu mtanitoa kwenye uenyekiti. Mimi nimeahidi zahanati inayoonekana."

"Mzee, umri wako nauheshimu," Radhia akamjibu. "Hata mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilidhani nikikutwa nilivyo nitaachwa. Nikajipamba. Na niliachwa hivyo hivyo, tena nikiwa na moyo unaokimbia."

Wakati huo wewe ulikuwa unasalimiana na wazee kwenye kivuli cha turubai. Radhia akashusha mkono wa gauni lake, akafunga kifungo, akaingia ndani na kulifungua kabati. Mwantum akamfuata, na Aneth, na sisi wote. Tukatoa maboksi. Kamba haikuonekana, kwa hiyo Radhia alifungua mtandio wake, akayafungia. Mzee Laurenti alisimama akitutazama, kisha akavua koti, akainua boksi la chini kabisa, ambalo ndilo zito. Gari la Gasto, lililokuwa limefichwa nyuma ya jengo, limeondoka nayo kabla katibu wetu hajashika karatasi hii. Vumbi lake huenda uliliona.

Kiti hicho kitupu mbele yako ni cha Radhia. Mwenyewe ni yule kwenye mstari wa pili, mwenye kanga ya kijani, shingo wazi. Hajawahi kukaa hivyo mbele ya watu.

TUNACHOOMBA

Utepe kata. Chumba ni cha kweli, na tunakishukuru. Tulikuwa na maombi mengi, kamati ilitaka tuombe na televisheni ya kusubiria foleni. Tumeyafuta, tumebakiza mawili. La kwanza, vidonge visivyokatika. Hata vikiwa vya bei, hata vikiwa vichache, visikatike, maana dozi ya mtu haiwezi kupimwa juu ya dawa inayokuja na kupotea.

La pili, rudi. Baada ya wiki sita Radhia atakuwa amemeza kila siku, kama vidonge vitakuwepo. Asubuhi moja atakaa kwenye kiti hicho kabla ya kidonge na kabla ya chai, na damu yake itasema kweli, iwe nzuri au mbaya. Njoo siku hiyo au nyingine yoyote. Usituandikie, usimtume mtu mbele, usipige simu kwa kamati. Tukute tulivyo.

Mwenyezi Mungu akufikishe nyumbani salama, akutunzie shingo na moyo, awape watu wako mlango unaogongwa, na akulete tena siku tusiyoijua.

Ni sisi,
Kikundi cha Mtandio,
Njia ya Chumvi, Singida.